Mang'amuzi ya Kiroho: Yanafanana Wapi?

Mtu aliyezama katika sala hata akasahau mahali alipo hupata taabu kumweleza mwenzake lililomfika. Hujaribu kusimulia, kisha hukiri kwamba maneno hayatoshi. Mwanasaikolojia wa Kimarekani, William James, aliyatafakari sana mambo hayo katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1901 na 1902. Alikusanya shuhuda za watu wa imani mbalimbali, akazitaja alama nne zinazojirudia: mang'amuzi hayo hayasemeki barabara, humwachia mtu yakini kwamba amejua jambo, wala si kwamba amesisimka tu, hayadumu, na humjia mtu kama kitu kinachomshika, hata ikiwa yeye mwenyewe alijiandaa kuyapokea.

Na tuzipime alama hizo kwa watu wawili waliotengwa na dini, lugha na zaidi ya karne nne. Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, aliacha kazi yake ya kufundisha Baghdad mwaka 1095 akaifuata njia ya masufi. Baadaye aliandika kwamba waliyoyapata masufi hayafikiwi kwa kusoma bali kwa kuonja, kwani kujua maana ya afya ni jambo moja, na kuwa na afya ni jambo jingine. Naye mtawa wa Kihispania, Teresa wa Ávila (1515–1582), alifananisha sala na kumwagilia bustani. Kwanza mtu huteka maji kisimani kwa jasho lake. Kisha hutumia gurudumu la kutekea. Halafu hupata mfereji. Na mwisho mvua hunyesha yenyewe, mtunza bustani asiwe na kazi. Msomaji ataona kwamba kuonja kwa al-Ghazali ni alama ya kwanza na ya pili za James, na mvua ya Teresa ni ile ya nne.

Hata hivyo, kufanana huko kusitupumbaze. Teresa alimwona Kristo; al-Ghazali hakumwona. Mtawa wa Kibudha aghalabu hasemi habari za Muumba hata kidogo. Mwanafalsafa Walter Stace alidai mwaka 1960 kwamba kiini ni kimoja na tofauti ni za maelezo tu. Mwaka 1978 Steven Katz alimpinga, akisema kwamba mafunzo ya dini huyaumba mang'amuzi yenyewe tangu mwanzo. Kwa maoni yangu Katz ana hoja yenye nguvu zaidi kuhusu yale yanayoonekana na kusikika. Lakini wote wawili walishughulika mno na maandishi, wakausahau mwili wa mwenye kusali.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 23 wenye afya. Watu hao walisali Salamu Maria kwa Kilatini, na pia walikariri mantra, yaani maneno matakatifu ya Kibudha yanayorudiwa-rudiwa. Katika hali zote mbili pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20. Sasa, shinikizo la damu lina mawimbi yake ya asili, ambayo hupanda na kushuka kila baada ya sekunde 10 hivi. Pumzi 6 kwa dakika ni pumzi moja kila sekunde 10. Basi mawimbi hayo mawili huoana na kukuzana, na neva zinazopima shinikizo katika mishipa ya shingoni na karibu na moyo huwa nyepesi zaidi kuuongoza moyo. Rozari na mantra, kwa hiyo, huupeleka mwili mahali pamoja. Hapa tuwe waangalifu: kilichopimwa ni pumzi na moyo, si imani.

Wala utulivu si mlango pekee. Katika zikri ya twarika ya Kadiria, ambayo Sheikh Uways wa Barawa (aliyefariki mwaka 1909) alikuwa miongoni mwa walioieneza katika pwani yetu, watu hutamka jina la Mungu pamoja, pumzi ikiingia na kutoka kwa mwendo mmoja unaozidi kuharakishwa, na miili ikiyumba. Hapo moyo hauendi polepole! Linalobaki la pamoja ni mdundo unaorudiwa na nia iliyoelekezwa mahali pamoja.

Na ubongo je? Mwaka 2006 Mario Beauregard na Vincent Paquette wa Montreal walitangaza matokeo ya kuwapima watawa 15 wa Karmeli. Watawa waliombwa wakumbuke tu tukio lao kuu la kuungana na Mungu, kwani walisema Mungu haitwi kwa amri. Ile alama ya nne tena. Sehemu nyingi za ubongo zilionekana kushiriki, wala si moja iliyotengwa kwa ajili ya dini. Wako wanaosema kwamba vipimo hivi vimeibatilisha dini, na wako wanaovishangilia kuwa ni ushahidi wake. Wote wamevuka mpaka. Ubongo hufanya kazi vilevile mtu atazamapo embe, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo embe halipo. Lakini pia picha ya ubongo peke yake haithibitishi kwamba embe lipo.

Mwalimu wa biolojia aweza kuonyesha sehemu ya jambo hili bila kifaa chochote ila saa. Wanafunzi wakae kimya, washike mshipa wa kiganja, na wavute pumzi polepole kwa sekunde 5 na kuitoa kwa sekunde 5, bila kujilazimisha. Wengi wao watahisi mapigo yakiongeza kasi pumzi iingiapo, na kupungua itokapo.