Leza si ya kila kiolezo

Nimeulizwa tena: leza ya wati ngapi inafaa kukatia violezo vya vijiwe vya kung'aa? Safari hii aliyeuliza ni fundi anayepamba mabuibui na sare za harusi. Ameshatenga pesa ya mashine, kwa kuwa amesikia kwamba plota ya kisu inachana matundu na leza inatoa duara safi. Jibu langu ni lile lile. Kabla ya kuuliza nguvu ya mashine, uliza unachotaka kukikata kimetengenezwa kwa nini. Kama ni PVC, hakuna leza inayokifaa, iwe ya wati 40 au 100.

Stika nyingi za plota ni PVC, na baadhi ya flok, zile shiti nene za kukatia violezo, nazo ni hivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC yenyewe ni klorini. Mwale ukiipiga inaungua na kutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu inageuka asidi. Unyevu uko machoni mwako, kooni na mapafuni. Uko pia hewani, ndiyo maana leza iliyozoea kukata stika huota kutu kwenye reli na skurubu ambazo hazijawahi kuguswa na tone la maji.

Halafu zinakuja dawa za mtaani: fungua madirisha, washa feni, lowesha stika kwa maji ya sabuni, punguza nguvu ukate mara tatu. Hakuna hata moja inayoitoa klorini ndani ya plastiki. Feni inampelekea jirani gesi yako, na mashine inaendelea kuliwa. Maji yanaipa gesi kile kile inachokihitaji ili iwe asidi. Kukata mara tatu kwa nguvu ndogo ni kuunguza mara tatu. Na anayesema hasikii harufu asijifariji, kwani pua huzoea. Inaniuma kuona kijana anajifungia chumba kidogo na moshi huo kwa sababu muuza mashine amemwambia inakata kila kitu.

Kama hujui ulichouziwa, kipimo kipo. Shika waya wa shaba kwa koleo, uupashe moto mpaka mwali usionyeshe kijani. Uguse nao plastiki ili kipande kidogo kigande, kisha uurudishe motoni. Mwali ukiwaka kijani, usikipeleke kwenye leza. Fanyia nje, ukisimama upande upepo unakotokea. Usipoona kijani, bado mbane muuzaji akutajie malighafi.

Kisu cha plota hakiunguzi kitu, na matundu yaliyochanika mara nyingi ni kosa la wembe butu au wembe usiofaa. Flok ni nene, kwa hiyo weka wembe wa digrii 60, si ule wa 45 wa stika. Plota ya nyumbani yenye nguvu ya gramu 210 hukata flok nyingi ikipita mara mbili. Ya gramu 350 inakupunguzia muda. Usitumie stika ya kawaida kuwa kiolezo: ni nyembamba mno, brashi ya kuviingiza vijiwe kwenye matundu ikipita, vinaruka nje.

Kijiwe cha saizi ya SS6 ni milimita 2 hivi, SS10 ni 2.8, SS16 ni 4. Kwa SS10 anza na tundu la 3.3, kisha jaribu kwenye kipande kidogo. Likizidi ukubwa kijiwe kinalala ubavu, likibana hakiingii. Vya bei rahisi hutofautiana ndani ya pakiti moja, hivyo pima kadhaa kwa kalipa. Ukishakata, vuta flok polepole kuanzia pembeni. Viduara vibaki kwenye karatasi ya chini. Vikiinuka pamoja na flok, wembe haukufika: ongeza kina kidogo ukate upya. Vikibaki chini, kibandike kiolezo kwenye ubao laini.

Mwenye leza tayari aipe manila nene au akriliki nyembamba, na moshi autoe nje kwa bomba hata hivyo.