Tony Adams: Aliweka glasi chini, akabeba makombe

DAKIKA ya 89, Mei 3, 1998, Uwanja wa Highbury, London. Arsenal inaongoza 3-0 dhidi ya Everton, ubingwa wa Ligi Kuu England ushaingia mfukoni, mashabiki wanaimba tu. Steve Bould, beki ambaye kazi yake miaka yote ilikuwa kuondosha hatari, anainua pasi tamu juu ya mabeki wa Everton. Anayeikimbilia si Marc Overmars wala Ian Wright. Ni beki mwenzake, jezi namba 6, kitambaa cha unahodha mkononi. Anautuliza mpira kwa kifua, anauchapa kwa mguu wa kushoto, ule ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa kupandia basi tu. Kambani, 4-0.

Tony Adams anasimama, anatanua mikono. Hakuruka, hakupiga samasoti, alisimama tu kama mtu aliyefika mahali. Ushangiliaji huo ndio ulioigwa kwenye sanamu yake nje ya Uwanja wa Emirates.

Kwa kijana anayeiona video hiyo leo kwenye simu, ni bao la beki aliyepanda mbele kujifurahisha. Kwa waliokuwa wanamfahamu, ilikuwa ishu nyingine kabisa. Jamaa alikuwa na umri wa miaka 31, na ilikuwa imepita miezi 20 hajatia tone la pombe mdomoni.

NAHODHA NA MTUNGI

Adams alipewa unahodha wa Arsenal mwaka 1988 akiwa na miaka 21 tu. Mwaka mmoja baadaye akabeba ubingwa, ule wa Anfield uliopatikana kwa bao la Michael Thomas dakika za nyongeza. Kocha George Graham alimwamini kuliko mtu yeyote uwanjani.

Nje ya uwanja, timu ile ilikuwa na utaratibu wake. Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko, kwa hiyo Jumanne tizi likiisha wachezaji wanaelekea baa. Wenyewe waliiita Klabu ya Jumanne. Na haikuwa Arsenal peke yake, maana soka la England zama zile lilikuwa hivyo karibu kila klabu. Asiyekunywa alionekana mtu wa ajabu. Asubuhi ya mazoezi wengine walikuwa wanavaa mifuko ya plastiki ndani ya jezi ili watoe jasho na pombe ya jana.

Tofauti ni kwamba wenzake wengi walikuwa wanajua saa ya kurudi nyumbani. Adams alikuwa hajui. Mei 1990 aliendesha gari akiwa amelewa chakari, akagonga ukuta huko Rayleigh, Essex. Alipopimwa, pombe mwilini ilikuwa zaidi ya mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa kisheria. Desemba mwaka huohuo hakimu akampa kifungo cha miezi minne, nahodha wa Arsenal akaenda kulala jela ya Chelmsford. Alitumikia karibu nusu yake.

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wa Arsenal wanalikumbuka kwa uchungu wa utani. Msimu ule wa 1990/91 timu ilipoteza mechi moja tu ya ligi, 2-1 mbele ya Chelsea, Februari 1991. Nahodha alikuwa wapi? Ndani.

Unaweza kudhani jela ingemwamsha. Wapi! Alitoka, akavaa kitambaa chake, akabeba ubingwa mwezi Mei, na kunywa kukaendelea kama kawaida. Na hilo ndilo tatizo kubwa la mchezaji mlevi mwenye kipaji: timu ikishinda, hakuna anayemuuliza kitu. Adams alikuja kukiri kwamba aliwahi kucheza mechi pombe ikiwa bado haijamtoka kichwani. Nani amkemee wakati mabeki wake hawafungwi?

AGOSTI 16, 1996

Kiangazi cha 1996 England iliandaa Euro, Adams akiwa nahodha. Alijizuia asinywe ili acheze. Kisha wakatolewa na Ujerumani kwa penalti kwenye nusu fainali pale Wembley, siku Gareth Southgate alipokosa. Mashindano yakaisha, na sababu ya kujizuia ikaisha. Adams akazama kwenye mtungi wiki kadhaa mfululizo.

Glasi yake ya mwisho ilikuwa Agosti 16, 1996. Tarehe hiyo anaitaja mwenyewe kama watu wanavyotaja siku ya kuzaliwa. Mwezi uliofuata aliwakusanya wenzake kwenye uwanja wa mazoezi akawaambia kwa mdomo wake kwamba yeye ni mlevi na anahitaji msaada. Hebu fikiria chumba kile. Wamo waliokunywa naye meza moja miaka minane, na yumo Paul Merson, ambaye mwaka 1994 alisimama mbele ya umma akakiri matatizo ya pombe, kokeni na kamari.

Adams hakuacha kwa kujikaza kiume peke yake. Alijiunga na vikundi vya walevi wanaokutana kusaidiana, akaongea na wataalamu, akaanza kusoma vitabu na kujifunza piano. Muda wa baa ulibidi ujazwe na kitu.

Wiki chache baada ya tangazo lile, akatua Arsène Wenger, Mfaransa aliyekuwa hajulikani kabisa England. Akaondoa chokoleti, akaleta kuku wa kuchemsha, samaki na mboga, akawanyoosha watu viungo asubuhi hotelini. Bia ikapigwa marufuku kwenye chumba cha wachezaji. Wenger amesifiwa sana kwa hayo, na anastahili. Lakini nahodha alikuwa ameshaiacha kabla yake, na ni rahisi zaidi kocha mgeni kubadili timu anapomkuta kiongozi wa chumba cha kuvalia amebadilika tayari.

MWILI ULIRUDISHA FADHILA

Kisayansi, pombe inamwibia mchezaji sehemu tatu. Inamkojoza, hivyo maji mwilini yanapungua wakati ambao anatakiwa kuyarudisha. Inamvurugia usingizi, kwani mlevi analala haraka lakini halali vizuri. Tatu, inachelewesha misuli kujijenga upya baada ya mechi na kujaza tena nguvu zilizotumika. Ongeza kwamba gramu moja ya pombe ina kalori saba, karibu sawa na mafuta, na hazimsaidii kukimbia.

Kwa Adams hayo yalionekana taratibu. Mwishoni mwa mwaka 1997 enka ilimsumbua, kiwango kikashuka, akawa anafikiria kutundika daluga. Wenger akampeleka kusini mwa Ufaransa kwa mtaalamu wa viungo, akakaa huko anajenga mwili. Adams wa zamani angeuguza jeraha akiwa baa. Huyu alirudi, Arsenal ikashinda mechi 10 mfululizo za ligi, ya kumi ikiwa ile ya Everton. Siku 13 baadaye wakaichapa Newcastle 2-0 na kubeba Kombe la FA.

Aliendelea hadi 2002. Akabeba tena mataji mawili msimu mmoja, kisha akastaafu akiwa na miaka 35 na mechi 669 za Arsenal. Amekuwa nahodha wa timu bingwa katika miongo mitatu tofauti. Ni ngumu kuamini kwamba yule wa mwaka 1990 angefika huko.

Haikumwendea kila mtu hivyo. Merson mwenyewe amesema hadharani kwamba alirudia pombe, akaacha, akarudia. Paul Gascoigne, aliyekuwa na kipaji kuliko wote hao, hadithi yake kila mtu anaijua. Adams aliliona hilo, ndiyo maana mwaka 2000 akaanzisha Sporting Chance, kituo cha kuwatibu wanamichezo wenye uraibu, ambako mchezaji anaweza kwenda bila kujianika kwanza magazetini.

Huku kwetu hakuna kitu kama hicho kwa wachezaji. Soka na bia wamekuwa ndugu muda mrefu. Taifa Stars imewahi kuvaa jina la bia ya Kilimanjaro, bia hiyohiyo ikawadhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na jirani zetu Kenya wana klabu nzima inayoitwa Tusker. Udhamini si dhambi, pesa ile imelisha timu. Ila straika akianza kukosa tizi la Jumatatu, kinachosemwa ni "majeraha madogo", halafu dirisha la usajili likifika anaachwa kimyakimya, na msimu unaofuata anaonekana ndondo.

Jambo moja la kitabibu kwa yeyote anayetaka kufuata njia ya Adams, awe mchezaji au shabiki wa kibanda umiza. Aliyezoea kunywa nyingi kila siku asikate ghafla peke yake nyumbani. Mwili unaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Aanzie kwa daktari. Anayekunywa wikiendi tu, yeye anaweza kuanza na mechi moja: aiangalie yote, dakika 90 na za nyongeza, na soda mkononi.