Sadaka Inayoombwa Dukani

Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maneno hayo twayajua tangu utoto, na sisi walimu huyarudia mara nyingi mbele ya wanafunzi wetu. Leo twataka kuyapima mahali ambapo hatukuzoea kuyapima, yaani mbele ya meza ya malipo ya duka kubwa.

Tumfikirie mama mmoja wa Kivu aliyehamia Marekani pamoja na watoto wake, kama walivyohamia wengi wa ndugu zetu. Juma zima amefua mashuka katika hoteli. Jumamosi aenda dukani kununua unga, mafuta, maziwa na sabuni. Karani ajumlisha bei: dola 18 na senti 40. Mama atoa kadi yake ya benki. Ndipo karani amwuliza: «Je, wapenda kufikisha dola 19, ili senti zinazozidi wapewe watoto wagonjwa?» Nyuma yake watu sita wangoja zamu yao, nao wamelisikia swali. Mama atazama chini. Jana tu ametuma dola 100 Uvira, karo ya watoto wa marehemu dada yake. Akikubali, atakubali kwa haya. Akikataa, ataonekana kana kwamba amewanyima wagonjwa.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini swali lile laulizwa kweli, na watu wengi mno, kila siku. Basi yafaa tujue lilitoka wapi, na yatupasa kulijibu namna gani.

Chungu cha San Francisco

Kuwaomba sadaka wanunuzi si jambo jipya. Mwaka 1891, katika mji wa San Francisco, afisa mmoja wa Jeshi la Wokovu, jina lake Joseph McFee, alitaka kuwaandalia maskini chakula cha Noeli, wala hakuwa na fedha. Akatundika chungu mahali penye wapitaji wengi, watu wakatia sarafu zao. Tangu hapo vyungu vyekundu, pamoja na mtu apigaye kengele, huonekana Marekani kila mwaka milangoni mwa maduka siku za Noeli zikaribiapo.

Baadaye masanduku madogo yaliwekwa juu ya meza za malipo. Lakini siku hizi watu wengi wa nchi zile hawachukui sarafu tena. Hulipa kwa kadi, na sanduku labaki tupu. Ndiyo sababu swali limehamia katika mashine yenyewe ya malipo. Uingereza, mwaka 2010, ulianzishwa mpango uitwao Pennies, ambao humwezesha mwenye kadi kuongeza senti chache kwa kugusa kitufe kimoja.

Haba na haba hujaza kibaba. Hesabu iliyotolewa na shirika la Engage for Good yaonyesha kwamba mwaka 2022, huko Marekani, michango ya namna hiyo ilipata dola milioni 749, nayo ilihesabu tu ile michango mikubwa iliyofikia dola milioni moja au zaidi.

Matunda yake

Tusidhani kwamba fedha hizo hupotea zote. Tutoe mfano mmoja ambao Wakatoliki watapenda kuusikia. Danny Thomas, mwana wa wazazi Wakatoliki waliotoka Lebanoni, alikuwa mchekeshaji asiye na kitu katika mji wa Detroit, na mkewe alikuwa karibu kuzaa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja, katika Misa, alitia kikapuni dola zake 7 za mwisho, akamwomba Mungu msaada. Baadaye aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Yuda Tadei: akionyeshwa njia yake maishani, atamjengea mahali pa ukumbusho. Alipopata jina na mali, alijenga hospitali ya watoto katika mji wa Memphis, ikafunguliwa mwaka 1962, ikaitwa St. Jude. Wazazi hawadaiwi chochote kwa matibabu ya mtoto wao.

Wakati ule, kati ya watoto 100 wenye aina ya saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto, ni 4 tu waliopona. Leo, katika nchi zenye matibabu mazuri, hupona zaidi ya 90. Waganga wa nchi nyingi waliifanya kazi hiyo, na hospitali ile ilikuwa mojawapo ya zilizotangulia. Tangu mwaka 2004 maduka mengi ya Marekani huwaomba wanunuzi wake kuichangia, katika miezi ya Novemba na Desemba.

Fedha ni za nani?

Watu wengi hunung'unika wakisema: «Duka lachukua sadaka yangu, kisha lapunguziwa kodi kwa jina langu.» Kwa sheria ya Marekani sivyo. Senti alizoongeza mnunuzi si mapato ya duka, wala si sadaka ya duka. Duka ni mjumbe tu wa kuzipeleka. Mwenye sadaka ni mnunuzi, naye atunze hati yake ya malipo, maana aandikaye sadaka zake katika hesabu za kodi aweza kuzitaja.

Walakini duka lapata faida nyingine, nayo ni sifa njema. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara atofautishe mambo matatu. Kwanza, yako maduka yanayokusanya tu senti za wanunuzi. Pili, yako yanayotoa sehemu ya bei ya kitu fulani. Tatu, yako yanayoongeza fedha zao wenyewe juu ya zile za wanunuzi. Matatu hayo si sawa, hata kama yameandikwa kwa herufi kubwa zilezile ukutani. Kuuliza «fedha hizi zaenda wapi, nalo duka latoa nini?» si utovu wa adabu.

Waliokimbia mlango

Mwaka 2009, James Andreoni na wenzake, wataalamu wa uchumi, walifanya jaribio katika duka moja karibu na Boston lenye milango miwili. Wapiga kengele wa Jeshi la Wokovu walisimama mara kwenye mlango mmoja, mara kwenye yote miwili. Siku nyingine walinyamaza; siku nyingine waliwatazama wapitaji na kusema: «Tafadhali, toeni.» Neno hilo moja liliongeza sana sadaka. Lakini pia liliwafanya watu wengi wauzunguke ule mlango na kupita mlango mwingine.

Kwa nini walikimbia? Mtu asiye na huruma hana haja ya kukimbia, hupita tu. Twaona kwamba wengi wa waliokimbia walijua kuwa wakiombwa ana kwa ana, moyo wao utashindwa kukataa. Basi neno lile lilipata fedha za wengine na kuwafukuza wengine. Ndiyo hatari ya sadaka iombwayo mbele za watu: yaweza kutolewa na haya, si na mapendo.

Kosa letu wenyewe

Tusiwacheke Wamarekani. Sisi wenyewe tuliwahi kukosa. Mwaka mmoja, mwanafunzi wetu alifiwa na baba, tukakusanya mchango darasani. Tulipomaliza, tukasoma kwa sauti majina ya waliotoa na kiasi cha kila mmoja, tukidhani kwamba twawatia moyo. Kesho yake kijana mmoja, ambaye jina lake halikusomwa, hakuja shuleni. Tulipouliza, tulipata habari kwamba jioni ya kwanza ya kilio, kabla hatujatamka neno la mchango, yeye ndiye aliyechota maji ya msibani, madumu manne, kutoka mtoni hadi mlimani. Orodha yetu haikuwa na nafasi ya kuandika maji.

Tangu siku ile hatusomi tena majina.

Tufanye nini?

Kwanza, mtu akate shauri nyumbani, pamoja na mwenzi wake, ni kiasi gani atatoa kila mwezi na kwa nani. Aliyekwisha kukata shauri hashtuki aulizwapo, wala hana haja ya kukimbia mlango. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto jambo hilohilo, kwamba sadaka ikatwe kwanza moyoni, isitolewe kwa kulazimishwa.

Pili, akipenda kutoa, atoe kwa furaha, hata senti chache. Mjane wa Injili alitoa vipande viwili tu.

Tatu, asipoweza, akatae kwa upole. Karani naye ni mfanyakazi, tena pengine ni maskini. Ameamriwa kuuliza, naye huuliza siku nzima. Asijibiwe kwa hasira.

Nne, aliye nyuma asihukumu. Aona kitufe kilichoguswa. Haoni fedha zilizokwenda Uvira.

Basi yule mama wa Kivu ainue macho yake na kusema: «Si leo, ndugu yangu. Asante.» Kisha achukue unga wake na mafuta yake, aende kwake kwa amani. Dola zake 100 zimekwisha kufika, na watoto wa dada yake wameketi darasani.