Kierkegaard, Longi na Hesabu ya Mbao

Kuna kozi moja ukiitaja kwa meza, mathe anaweka kijiko chini: Skandinavia na falsafa. Si jokes, iko. Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, ni digrii ya miaka 4. Unaingia bila kujua neno hata moja, unachagua lugha, Kidenishi, Kinorwei ama Kiswidi, na mwaka wa tatu unabeba begi unaenda kuishi kwenye inabongwa. Wafini hawamo, lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa.

"Na mboka?" Mathe ako na haki ya kuuliza. Mimi ningeanza na swali lingine: hizi vitu mbili zinakutana wapi? Zinakutana Copenhagen, kwa mwanafalsafa anaitwa Søren Kierkegaard.

Jamaa aliishi 1813 hadi 1855, na alikuwa mtu wa mtaa ile mbaya. Kazi yake kutembea tu, akipigisha stori na yeyote. 1841 akimaliza chuo, thesis ilifaa iwe Kilatini. Akamwandikia mfalme, akaomba aandike Kidenishi. Akakubaliwa, lakini wakamtegea: kuitetea ni Kilatini tu. Wazee walimkaanga zaidi ya masaa 7. Sisi tuliochapwa shule juu ya Sheng tunashika hiyo vitu haraka: mambo nzito inavalishwa suti, lugha ya home inaambiwa ingoje kwa gate.

Ndio maana kumsoma kwa lugha yake ni kitu tofauti. Msee ni mchokozi. Kitabu Enten – Eller cha 1843 alikitoa kwa jina bandia, Victor Eremita, na mwaka huo huo akarudi na kingine akijiita Johannes de silentio. Kwa tafsiri anakaa profesa. Kwa Kidenishi anapiga mchongoano.

Na mchongoano ilimrudia. Kulikuwa na gazeti la vichekesho, Corsaren. Yeye mwenyewe ndiye alilichokoza, eti limguse. 1846 likamshukia: wakamchora na longi, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mji mzima ukadaka hiyo stori, hadi watoto wakawa wanamcheki miguu. Mtu aliyependa kutembea hivyo akaporwa raha yake barabarani. Na hapo hakuna simu, maze.

Kuhusu Regine Olsen, dem wake: walichumbiana 1840, mwaka uliofuata jamaa akavunja, akahepa Berlin. Wasomi wamejaza rafu za vitabu wakieleza hiyo maneno. Mi naona nusu ilikuwa uoga.

Sasa lugha yenyewe, Kidenishi. Kuisoma si noma. Kitenzi hakibadiliki: mimi, wewe, wao, kinakaa vile vile. Aliyekua na ngeli za Kiswahili anapumua. Kuiskia ndio ngori, juu Wadenishi wanameza nusu ya neno, hata majirani wao wanalia. Alafu hesabu. Hawa wasee wanahesabu kwa mbao! 60 ni mbao tatu, 80 ni mbao nne. Finje? Mbao mbili na nusu. 90 ni mbao nne na nusu. Konda wa mathree angezoea kwa wiki moja. Norwei na Uswidi wanahesabu kwa makumi kama kawa, na wanawacheka.

Norwei nayo falsafa ni ya kila mtu: ukiingia chuo kikuu, hata kama unasomea sheria, kawaida lazima upite mtihani wa examen philosophicum. Huko ndio kwao Arne Næss, profesa Oslo akiwa na miaka 27, mpanda milima aliyejijengea kibanda kwenye mlima wa Hallingskarvet na kuwaza mazingira akiwa huko baridini.

Ukitoka Nairobi, kwa hiyo kozi utakutana pia na jirani: Karen Blixen, Mdenishi aliyelima kahawa chini ya Ngong mpaka 1931. Siku hiyo darasa lote litageuka likuangalie. Nenda na maoni yako tayari, na usiyapunguze makali.

Doh ndio shida. Vyuo vya umma vya Norwei vilikuwa haviitishi karo kwa yeyote, lakini tangu 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa. Denmaki na Uswidi walianza kitambo. Lakini maandishi ya Kierkegaard, yote, kwa Kidenishi chake, yamewekwa kwa intaneti bure. Hizo unaweza anza nazo ukiwa kwa keja, bando ikiwepo.