Ua wa Umeme Unaohamishika na Usalama wa Kuku wa Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea mwewe hunyakua. Aghalabu methali hii hutumiwa kusawiri mkosi unaomwandama mnyonge. Hata hivyo, kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji, maneno hayo ni taarifa ya kila siku. Nguchiro huvamia mchana, kanu na kicheche huvizia usiku, nao mbwa wa kuzurura hawana saa. Makala haya yanaeleza jinsi ua wa umeme unaohamishika unavyoweza kupunguza hasara hiyo, pamoja na mipaka yake.

Muundo na Utendakazi

Wakenya wengi huufahamu ua wa umeme kupitia ule wa Aberdare, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulioanza kujengwa mwaka 1989 na kukamilika mwaka 2009. Ua wa kuku hufuata kanuni iyo hiyo, ila ni wavu mwepesi wa kimo cha mita moja hivi, uliofumwa kwa nyuzi za plastiki zilizosokotwa pamoja na nyaya nyembamba za chuma. Vigingi vyake vimeshikamana na wavu, hivyo mtu mmoja huweza kuung'oa na kuusimamisha penye majani mapya.

Mbwa angeweza kuuangusha wavu huo kwa urahisi. Kinachomzuia ni funzo la maumivu. Mtambo unaotumia betri ya volti 12 au paneli ya sola hutuma umeme kwenye wavu takriban mara moja kwa sekunde. Volti hufikia maelfu kadhaa, lakini kila mpigo hudumu kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana huuma bila kuua. Mnyama agusapo wavu kwa pua, umeme hupita mwilini mwake, hushuka udongoni, kisha hurejea mtamboni kupitia chuma kilichochimbiwa ardhini. Kuku hukingwa kwa kiasi na manyoya yake.

Masharti ya Matumizi

Kwanza, chuma cha ardhini kisipuuzwe. Udongo mkavu haupitishi umeme vyema. Kwa hivyo, wakati wa kiangazi katika sehemu kama Kitui, hakina budi kuchimbiwa penye unyevu au kumwagiwa maji. Pili, nyasi zinazogusa wavu huvujisha umeme, hivyo zifyekwe. Tatu, wavu usiachwe umesimama bila umeme, kwani wanyama huuzoea na hata kunaswa humo.

La muhimu zaidi, wavu usiunganishwe kamwe moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 240. Umeme huo haupumziki kama ule wa mipigo. Humng'ang'ania aliyeugusa, na huweza kumuua mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Mtambo maalumu utumike, tangazo la onyo liwekwe, na watoto waelezwe.

Hitimisho

Ua huu huzuia adui atembeaye. Hauna paa, kwa hiyo mwewe angali na njia yake, nao vifaranga wachanga hupenya matunduni na kutoka nje. Mfugaji atahitaji kuwafunika vifaranga hadi wakomae na kufunga banda kila jioni. Akifanya hivyo, kuku wake atataga, ataangua na kulea.