Kocha Akipigwa Kalamu Katikati ya Msimu

Mimi ni beki wa kulia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa makocha mambo ni tofauti kidogo: kocha aweza kusifiwa Jumapili, na Jumapili ya tatu akawa anafunganya virago, hata kama hakulitia tembo maji. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini klabu huachana na kocha wake kabla msimu haujaisha, mambo hayo huendaje, na kama kweli dawa hiyo huponya. Nina sababu yangu ya kuuliza, na nitaieleza papo hapo mbele, ingawa si ya kujivunia.

Tuanze na mfano ambao wengi wetu tumeusikia nyumbani. Gor Mahia ni klabu ya Nairobi, lakini mashabiki wake wamejaa mpaka huku kwetu Nakuru. Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyotwaa ubingwa wa ligi 2003, 2004, 2005 na 2010, iliufanya uwanja wa Afraha kuwa nyumbani kwake kwa miaka mingi. Mjomba wangu anasema Gor ilipokuja Afraha, mwenyeji alionekana kama mgeni kwa jinsi uwanja ulivyogeuka kijani.

Mwaka wa 2012 Gor Mahia ilifunzwa na Zdravko Logarušić, raia wa Kroatia. Ubingwa uliwaponyoka siku ya mwisho kabisa ya ligi, ukaenda kwa Tusker. Gor hawakuwa wameushika tangu 1995, kwa hivyo maumivu hayo hayakuwa madogo. Mwaka uliofuata, ligi ikiwa imefika katikati, klabu na Logarušić wakaachana. (Wakati huo ligi yetu ilianza mapema katika mwaka na kumalizika kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hivyo katikati ya msimu ilikuwa katikati ya mwaka.) Akaja Mskoti, Bobby Williamson, ambaye mwaka huo huo Uganda ilikuwa imemwachisha kazi ya kuifunza timu ya taifa. Aliyetemwa Kampala akaokotwa Nairobi, na kabla ya mwaka kwisha Gor Mahia wakawa mabingwa, baada ya miaka 18 ya kungoja.

Mjomba akifika hapo hupiga meza na kusema, "Si unaona? Kocha ni kama betri ya redio. Ikiisha moto, toa, weka nyingine!" Nilimwamini kwa miaka mingi. Sasa sina hakika, na nitaeleza ni kwa nini.

Kwanza, tuangalie sababu zinazofanya klabu na kocha waachane. Nimeziweka katika mafungu manne.

La kwanza ni matokeo mabaya. Hapa mara nyingi kipigo kimoja tu cha aibu hutosha. Mnamo Novemba 2023 Simba ya Dar es Salaam ilifungwa na Yanga mabao 5 kwa 1. Siku chache baadaye kocha wao Mbrazili, Robertinho, hakuwa na kazi. Mtu waweza kupoteza mechi tatu ndogo ukavumiliwa, lakini ukifungwa matano na hasimu wako wa jadi, wee! Hata mama mboga atakuuliza.

La pili ni matarajio. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2024, Yanga wenyewe walimfukuza Miguel Gamondi, ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa amewapa ubingwa. Walikuwa wamepoteza mechi mbili mfululizo, dhidi ya Azam na Tabora United. Kwa timu nyingine mechi mbili si kitu. Kwa Yanga ni msiba. Huko Uingereza, Claudio Ranieri aliipa Leicester City ubingwa ambao hakuna aliyeuota, Mei 2016. Februari 2017 alikuwa amepigwa kalamu. Kumbe sifa za jana haziliwi leo.

La tatu ni pesa. Klabu nyingi za Kenya hutegemea mfadhili mmoja. Kampuni ya SportPesa ilipojiondoa mwaka wa 2019, klabu kubwa zilibaki zikihangaika. Mshahara ukichelewa mwezi wa kwanza, kocha huvumilia. Ukichelewa wa pili, hunung'unika. Ukichelewa wa tatu, huanza kupokea simu kutoka kwingine. Hapo usiseme amefukuzwa wala usiseme amekimbia. Ndoa imevunjika tu.

La nne ni kuitwa mahali pazuri zaidi. Mnamo Agosti 2014 Kenya ilimwachisha kazi Adel Amrouche, kocha wa Harambee Stars. Nafasi hiyo akapewa Williamson, aliyekuwa Gor Mahia. Kwa hivyo kufukuzwa kwa mmoja kulimvuta mwingine, na Gor wakabaki bila kocha ligi ikiendelea. Wakamchukua Mskoti mwingine, Frank Nuttall.

Sasa tuone mambo huendaje. Watu hudhani kocha hufukuzwa kama mbuzi aliyeingia shambani. La hasha! Kocha ana mkataba, na mkataba ni sheria baina ya wawili. Tuseme amesaini miezi 24 kwa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi, kisha anaachishwa baada ya miezi 10. Imebaki miezi 14. Kama hakuna sababu ya haki ya kuuvunja mkataba, anaweza kudai mishahara ya miezi hiyo, yaani shilingi 2,800,000. Akipata kazi nyingine mapema, fidia yaweza kupunguzwa. Ndiyo maana klabu hupenda kukaa naye chini, wakakubaliana kiasi fulani, kisha likatolewa tangazo kwamba "pande mbili zimeachana kwa maelewano". Ukisoma maneno hayo gazetini, jua kuna hesabu iliyopigwa nyuma ya pazia. Klabu isipolipa, kocha wa kigeni hupeleka kesi FIFA, na FIFA ina rungu: huweza kuizuia klabu kusajili wachezaji mpaka deni liishe. Gor Mahia wenyewe wamewahi kuonja rungu hilo. Kwa hivyo kumfukuza kocha leo kwaweza kukunyima straika mwaka kesho.

Wakati mazungumzo yakiendelea, msaidizi wa kocha hushika timu kwa muda. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Wachezaji waliozoea kukaa benchi hufurahi, kwani wanaanza upya. Waliozoea kucheza huingiwa na hofu. Mazoezini kila mtu hukimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Wakati mwingine moto huo hudumu: Chelsea walimtoa André Villas-Boas Machi 2012, msaidizi wake Roberto Di Matteo akashika, na Mei akatwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Lakini ngoja kwanza. Novemba ya mwaka huo huo Di Matteo naye alipigwa kalamu.

Je, dawa huponya? Hapa ndipo nilipobishana na mjomba. Yeye alitumia hesabu. Alisema: Gor Mahia walibadilisha kocha msimu ukiendelea mara nne katika miaka mitano. 2013 alitoka Logarušić, wakawa mabingwa. 2014 alitoka Williamson, wakawa mabingwa. 2016 alitoka Nuttall, ubingwa ukaenda kwa Tusker. 2017 alitoka Mbrazili Zé Maria, akaja Mwingereza Dylan Kerr, wakawa mabingwa. Tatu kwa nne! "Ukipata alama hizo shuleni si utafurahi?" aliniuliza.

Nilinyamaza. Usiku nikakumbuka kitu. Mwaka wa 2015 Gor hawakubadilisha kocha, na walichukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Mwaka wa 2018 Kerr alimaliza msimu wote, na walikuwa mabingwa tena. Yaani walishinda wakibadilisha na walishinda wasipobadilisha. Jibu basi haliko kwa kubadilisha. Walikuwa na wachezaji wazuri, basi. Yanga vilevile: baada ya Gamondi alikuja Sead Ramović, naye akaondoka Februari 2025 kwenda Algeria, akaja Miloud Hamdi, na bado ubingwa ukabaki Jangwani. Makocha watatu, kombe moja.

Mwalimu wetu wa hisabati aliniongezea mafuta kwenye taa. Alinieleza kuwa mtaalamu mmoja wa uchumi, Bas ter Weel, aliichunguza ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Hakuangalia tu timu zilizofukuza kocha. Alitafuta pia timu zilizokuwa zimeanguka vivyo hivyo lakini zikamvumilia kocha wao. Zilizofukuza ziliimarika. Lakini zilizovumilia nazo ziliimarika! Sababu si uchawi. Kocha hufukuzwa timu ikiwa imefika chini kabisa, na aliye chini kabisa ya kisima hana njia nyingine ila ya juu. Majeruhi hupona, ratiba hulegea, mpira uliokuwa ukigonga mwamba unaanza kuingia. Kocha mpya hufika wakati jua linachomoza, nasi tunampongeza kwa kuleta asubuhi.

Sasa nieleze sababu yangu. Mtaani kwetu tuna timu ya vijana ambayo sitaitaja jina. Kocha wetu alikuwa fundi viatu. Saa kumi na nusu alifunga kibanda chake, akaja uwanjani na mfuko wenye fulana, filimbi na pampu. Hakulipwa hata senti. Mwaka jana, katika muhula wa pili, tulifungwa mechi nne mfululizo. Jumapili ile ya nne tulikaa kwenye nyasi, na mmoja wetu akasema, "Huyu mzee ameishiwa. Tupige kura." Kocha alikuwa pale pale akikusanya mipira. Mikono ikainuka. Wangu ulikuwa miongoni mwao.

Hakubisha. Alizitoa fulana mfukoni akazihesabu moja moja mbele yetu. "Ni kumi na nne. Moja nimeishona begani. Pampu msiiache kwenye mvua." Akaenda zake.

Mechi mbili zilizofuata tulishinda, tukaambiana, "Si mnaona!" Kisha tukapoteza tatu na kutoka sare moja. Ndipo nilipochukua daftari nikaandika majina ya waliocheza kila mechi. Katika zile nne tulizofungwa, kiungo wetu na straika wetu hawakuwapo. Wote wawili ni wa kidato cha nne, walikuwa kwenye mitihani ya majaribio. Walirudi wiki ile ile kocha alipoondoka. Sisi tuliona kocha mpya. Hatukuona kwamba wachezaji wamerudi. Hakuna aliyetaka kuhesabu kabla ya kuinua mkono, nami pia sikuhesabu.

Mwezi mmoja baadaye kiatu changu kilipasuka, na fundi wa karibu ni yeye. Nilizunguka kibanda mara mbili kabla ya kuingia. Alikishona, akanitoza bei ile ile anayotoza kila mtu. Aliniuliza swali moja tu: "Bado unapanda mbele na kuacha upande wako wazi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi rudi mapema." Nilimwomba msamaha pale pale. Alisema uzi ule ni wa nailoni, hautakatika. Timu ilimtuma nahodha amwombe arudi. Mpaka ninapoandika haya hajakubali.

Simaanishi kwamba kocha asiachishwe kamwe. Yupo anayetukana wachezaji, yupo mvivu, yupo anayepanga timu kwa upendeleo. Huyo aende, hata ligi iwe imebakisha wiki moja. Lakini hivi karibuni, pale kwenye mfereji wa maji, nimewasikia wenzangu wakisema mwalimu wa michezo "apigwe kalamu" kwa sababu ya vipigo viwili. Kabla hujainua mkono, jiulize mambo matatu. Je, ni nani waliokosekana uwanjani? Je, huyu ajaye atafanya nini ambacho huyu hakufanya? Na je, deni la anayeondoka tumelilipa? Deni lenyewe si lazima liwe la pesa.

Harakaharaka haina baraka. Mjomba bado anasema kocha ni betri. Mimi nilimjibu Jumapili iliyopita kwamba kabla ya kutupa betri, mtu huangalia kwanza kama redio yenyewe imewashwa. Alicheka, kisha akasema tutabishana tena msimu ukianza.