Mwitikio Mdogo Si Ukaidi wa Wananchi

Saratani ya mlango wa kizazi inazuilika, na bado ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote nchini Tanzania. Chanzo chake karibu mara zote ni kirusi cha HPV, kinachoenezwa kwa kujamiiana. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hiyo, na chanjo inazikinga zote mbili. Kwa kawaida miaka 15 hadi 20 hupita kabla ya maambukizi kugeuka saratani. Muda wa kuokoa maisha tunao, lakini huduma isipomfikia mhusika, muda huo unapita bure.

Ripoti nyingi husema wananchi hawana uelewa. Mimi nasema tuanze kwa kutazama namna huduma inavyotolewa. Rwanda ilipoanza chanjo hii nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza Afrika kufanya hivyo, chanjo ilipelekwa shuleni, kisha wahudumu wa afya ya jamii wakawafuata majumbani wasichana waliokosekana darasani. Zaidi ya asilimia 90 ya walengwa walichanjwa. Tanzania ilianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanua umri kuwa miaka 9 hadi 14 na kutoa dozi moja badala ya mbili. Hiyo ni nafuu kubwa kwa msichana anayehamahama na wazazi wafugaji: akipatikana mara moja, amekingwa.

Wazazi nao wana maswali, na wana haki ya kujibiwa kabla ya siku ya chanjo. Kwa nini wasichana tu? Kwa sababu wao ndio wenye mlango wa kizazi, na dozi zilizopo huelekezwa kwanza kwa walio hatarini zaidi. Kwa nini wadogo hivyo? Kwa sababu chanjo hukinga vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi. Je, inaleta ugumba? Hapana. Ndani yake hamna kirusi hai, bali protini inayofanana na ganda la kirusi, inayoufundisha mwili kujilinda. Maswali haya yakikosa jibu kwenye mkutano wa kijiji, msikitini au kanisani, uvumi utayajibu.

Kwa wanawake watu wazima kazi ni ngumu zaidi, maana hawakusanyiki mahali pamoja kama wanafunzi. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi kuanzia miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na VVU, ambaye hatari yake ni mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Kipimo kinachotumika sana katika vituo vyetu ni chepesi: muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kama kuna weupe usio wa kawaida. Panapofaa, sehemu hiyo hutibiwa papo hapo kwa baridi kali au kwa joto. Kumwambia mama arudi mwezi ujao ni kumtoza nauli na kutwa nyingine ya shamba, na wengi hawarudi.

Kwa hiyo tumpime pale alipo tayari: anapoleta mtoto kliniki, anapofuata uzazi wa mpango, anapochukua dawa za VVU. Apate chumba chenye mlango unaofungwa, na akitaka kuhudumiwa na mwanamke mwenzake, asikilizwe.

Kabla zahanati haijaandika kwamba mwitikio ni mdogo, mfawidhi na mtendaji wa kijiji wakae na orodha ya majina. Nani hakufikiwa, anaishi wapi, na kilichomzuia ni nini? Asilimia haimwambii mhudumu aende nyumba gani. Orodha ya majina humwambia.